Jibu la Osob

Kaseti ililia kama mbuzi waliobanwa na mlango wa lori, na Abdihafid akapiga makofi.

"Ndiyo yenyewe! Wallahi, miaka thelathini na minane, na sauti haijabadilika!"

Sebule ya nyumba yake na mkewe Osob hapo Garissa ilikuwa imejaa tangu alasiri. Watoto wao wote watano walikuja, na wake na waume zao, na wajukuu ambao hakuna aliyeweza kuwahesabu kwa sababu hawakutulia. Walikuja kumwona baba yao akisoma, kwa macho yake mwenyewe, jibu alilopewa na mama yao mwaka 1987.

Kisa hicho kila mtoto wa nyumba hiyo alikijua kabla hajajua kusoma. Abdihafid alikuwa kijana kutoka Wajir, akiuza redio na kompyuta katika duka moja nchini Kuwait. Osob alikuwa binti wa dereva Msomali huko huko Kuwait, ana miaka kumi na tisa, na shuleni kwao kulikuwa na kompyuta za Kijapani zenye herufi za Kiarabu na za Kizungu, zilizosoma programu kutoka kwenye kaseti. Abdihafid akamwandikia barua ya kumchumbia. Wiki mbili baadaye Osob akapita dukani, akaweka kaseti juu ya meza.

"Nimetunga mchezo wa kompyuta," alisema, macho chini. "Jibu lako liko mwishoni."

Kompyuta ya mwisho dukani ilikuwa imeuzwa asubuhi hiyo hiyo. Abdihafid akaitia kaseti kwenye redio, akasikia ule mlio, akacheka mpaka mwenye duka akamwuliza kama ni mzima. Msichana hajisumbui hivi kwa mwanamume asiyemtaka! Ijumaa iliyofuata alituma wazee nyumbani kwa kina Osob, na yeye mwenyewe akasimama nje kwa suti ya kuazima, akimchekea kila mpita njia. Baba yake Osob alipomwuliza bintiye, Osob alichungulia dirishani kwa muda mrefu, kisha akasema sawa.

Sasa Iftin, kitindamimba wao, aliyekuwa akifundisha kompyuta chuoni, alikuwa amepata programu ya kuigiza zile mashine za zamani ndani ya laptopu yake. Wiki nzima alikuwa akihangaika na kaseti.

"Iache hiyo, Iftin," Osob alimwambia Jumatatu. "Joto limeshaila."

Jumatano akamwonya kwamba spiriti ya kuisafishia itaiharibu. Alhamisi Iftin akaikuta dirishani, juani, akawakaripia wajukuu.

Mlio ukakatika. Kioo cha laptopu kikawa cha buluu, halafu akatokea ngamia wa miraba midogo ya manjano, nundu yake imepinda kidogo. Nyumba nzima ikapiga kelele.

"Mashallah, Hooyo! Ulimchora wewe?" Nimo, mke wa mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa akirekodi kwa simu, akamwuliza mama mkwe wake.

"Nilikuwa mtoto," Osob akajibu.

Hatua zilikuwa tisa. Ngamia alitakiwa kuruka mashimo, kuwakwepa fisi, na kufika kisimani kabla jua halijatua. Abdihafid alikataa kabisa kusaidiwa. Alikufa mara kumi na moja katika hatua ya kwanza, na kila alipokufa wajukuu walijitupa sakafuni wakafa naye.

"Aabo, programu hii inaweza kuhifadhi pale ulipofika," Iftin akamwambia baba yake. "Ukifa, unaanzia hapo."

"Huo ni udanganyifu," Osob akasema upesi.

"Udanganyifu kwa jibu langu mwenyewe? Hifadhi, binti yangu, hifadhi!"

Katika hatua ya sita njia ikagawanyika. "Osob, kushoto au kulia?"

"Kushoto."

Kushoto kulikuwa na fisi watatu. Abdihafid akarudia, akamwuliza tena, akaambiwa kushoto tena, akaliwa tena.

"Nimesahau," Osob akasema. "Ni zamani."

"Hooyo anaona haya!" Nimo akacheka. "Ana wajukuu na bado anamringia mzee!"

Osob akainuka. "Nikaangalie sambusa."

"Hakuna anayekula leo kabla ya jibu," Abdihafid akasema. Akamshika mkono, akamkalisha karibu yake mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Wanawake wakapiga vigelegele. Osob akajifunika uso kwa mtandio.

Hatua ya tisa ilimtoa jasho. Mara mbili ngamia alifia ukingoni. Mara ya tatu Abdihafid akasema bismillahi, akabonyeza kitufe kwa nguvu zote, na ngamia akaruka, akaelea, akatua kando ya kisima. Akainamisha shingo, akanywa.

"Nimefika!" Abdihafid akaruka naye. Akamkumbatia mwanawe, akamkumbatia mkwewe, akakumbatia hata feni. Machozi yalimtiririka ndevuni. "Kimya! Iftin, soma! Soma kwa sauti, majirani wasikie!"

Kioo kikawa cheusi. Herufi nyeupe za Kisomali zikaanza kutokea moja moja, taratibu.

"'Abdihafid,'" Iftin akasoma. "'Wewe ni mtu mwema.'"

Vigelegele.

"'Una moyo safi, na Mungu atakupa mke mwema.'"

Vigelegele tena, na mjukuu mmoja akaangusha chupa ya chai.

"'Lakini jibu langu ni...'" Iftin akamgeuzia baba yake kioo.

Abdihafid akasogeza miwani, akainama, akaisoma mwenyewe herufi kwa herufi. HAPANA.

Osob akateremsha mtandio usoni, akanyoosha mkono.

"Nisogezeeni hiyo kompyuta," akasema. "Huo mwisho nimekuwa nikitaka kuubadilisha tangu ile Ijumaa ya suti ya kuazima."