Kisahani cha Kushoto

Kisahani cha kushoto kilikuwa kinachechemea.

Chini ya hadubini, seli za moyo zilidunda, zikasita, zikadunda tena kama mlevi anayetafuta mlango. Za kulia zilidunda taratibu, hazina habari na mtu.

Dada mtu, mtaalamu wa maabara hiyo, aliondoa jicho kwenye lenzi. Jasho lilimtoka, kifua kikambana. Hofu tu, alijiambia.

Baba yao, yeye na mdogo wake, alianguka akitundika pazia, hakuamka. Alikuwa na hitilafu kwenye protini inayojibandika kwenye DNA na kuwasha jeni za moyo, kama swichi iliyolegea. Na mdogo mtu ndiye aliyechukua kila kitu cha baba: pua, ubishi, hata mwendo. Akaapa hashiki mimba mpaka ajue kama na hiyo kaichukua.

Ndiyo maana walimkata kipande cha ngozi, wakakigeuza kuwa seli za moyo. Kisahani kimoja chake, kingine cha mtu asiye na ugonjwa, wa kulinganisha naye. Bosi aliziba majina kwa plasta, kawaida ya maabara, ili anayetazama asipendelee.

Simu ikalia.

"Mganga wa visahani, nizae nisizae?"

"Subiri kidogo."

"Mbona unahema? Unakimbizwa na mbwa humo ndani?"

"Nimetoka kupanda ngazi."

"Ngazi zenyewe hizo za kuchezea watoto, bibi wee."

Dada mtu alikata. Angemwambiaje? Wiki nzima halali. Akilala chali tu, moyo unamruka. Hofu haina adabu.

Akamfuata bosi, akishikashika ukuta. "Bandua plasta, mzee. Nimeshindwa."

Bosi aliinamia hadubini, akatazama kisahani kimoja baada ya kingine. Kisha akabandua ya kulia.

"Huyu ndiye mdogo wako. Mzima kama chuma. Mwambie azae timu ya mpira."

Dada mtu alicheka huku analia. Akaanza kubonyeza simu.

Bosi hakucheka naye. Alikuwa ameshabandua plasta ya pili na kulisoma jina. Akavuta kiti, akakisogeza nyuma ya magoti ya dada mtu.

"Huyu wa kulinganisha nilimchukua kwenye friza, chupa ya kwanza iliyonijia mkononi. Zile ngozi mlizotoa nyinyi wafanyakazi wenyewe mlipoajiriwa, baba yako angali hai." Akamshika bega. "Kaa chini, dada. Moyo unakuruka tangu lini?"