Ndevu za Mzee Kitwana

Alipomwona mwigizaji wake, Mzee Kitwana, anakuja, kidevu cheupe kama sahani, nusura Sikudhani aibwage kamera chini.

"Mzee, ndevu ziko wapi?"

"Nimenyoa, binti yangu. Zitaota."

"Zitaota lini? Miaka sita nahangaika na sinema hii, sina kampuni wala mfadhili! Imebaki picha moja tu, ya baba anayemngoja mwanawe mlangoni, na wewe unanyoa leo?"

Mzee akainamisha kichwa. "Mwanangu Mahfudhi amepiga simu. Anakuja na basi la saa nne. Alipoondoka, miaka tisa iliyopita, sikuwa na ndevu. Niliogopa atanipita asinijue."

Sikudhani akafyonza, akaizunguka kamera kama mtu anayetafuta wa kumpiga. Saa nne ilikuwa imeshapita. Alipogeuka, mzee alikwishamsahau. Amekaa kizingitini, macho barabarani, mkono ukipapasa ndevu zisizokuwepo.

Sikudhani akawasha kamera. Huko mbele vumbi likatimka, na mzee akasimama.