Insha ya Darasa la Sita

"Haya maneno ni ya kitoto mno," alisema Daktari, akaikata sentensi nzima kwa kalamu nyekundu.

"Lakini baba, mimi si mtoto?" aliuliza binti yake.

"Uko darasa la sita, mwanangu. Utoto uliuacha la tano."

Ilikuwa Jumapili mchana, na meza ya chakula haikuonekana kwa karatasi. Daktari huyu hakuwa wa sindano, alikuwa wa vitabu, mhadhiri ambaye jina lake tu lilitosha kuwatoa watu jasho chuoni. Mwanafunzi aliyekamatwa na kazi aliyoandikiwa na mwingine hakupewa hata nafasi ya kujieleza. Alifungasha virago, basi, na Daktari alilala usingizi mnono.

Lakini hii ya leo ilikuwa habari nyingine. Shule ya vipaji ilitaka mtoto mmoja tu kutoka darasa la binti yake, na mwalimu wa darasa alikuwa ametangaza kwamba atamchagua kwa insha. Mtoto wa jirani naye alikuwa ameshaanza kuandika.

"Ameshaanza mama yake," alisema mke wa Daktari kutoka jikoni. "Yule wakili tangu juzi hatoki nje."

Daktari akashtuka, akavuta kiti karibu zaidi.

Swali lilikuwa: kwa nini watoto hawapendi kusoma? Binti alikuwa amejibu kwa ukurasa mmoja. Vitabu vimechanika, aliandika, na ukikuta hadithi tamu, kabla hujaimaliza unaulizwa maswali. Daktari alicheka, akakiri moyoni kwamba ni kweli tupu, kisha akakata yote. Mahali pake akaweka mikabala, nadharia, na tanbihi nne za kutisha.

"Baba, nadharia ni nini?"

"Ukishafika hiyo shule watakueleza."

Mkewe akapita na beseni la nguo. "Hivi anayesoma humu ndani ni nani?"

"Namsaidia tu, mama watoto. Nanyoosha hapa na pale."

"Umenyoosha mpaka mtoto hayumo."

Daktari akajifanya hakusikia. Mikutano ya wazazi alikwenda mkewe. Yeye shule ile aliijua geti tu.

"Mwalimu kasema iwe ndefu kiasi gani?" alimuuliza binti.

"Kurasa kumi. Ichapwe, na marejeo yawekwe mwishoni."

"Kurasa kumi, darasa la sita! Huyo sasa ndiye mwalimu. Wamebaki wachache hao."

"Na tumpe mkononi, tusiandike jina. Kasema ataandika mwenyewe."

Daktari akapiga meza kwa furaha. "Umesikia, mama watoto? Mtu hataki upendeleo! Hata mimi chuoni sijafika huko."

"Mimi nimesikia," alijibu mkewe, akaenda zake kuanika nguo.

Kufikia jioni insha ilikuwa inang'aa. Daktari alifikiria kuacha kosa moja dogo, ili mwalimu asishuku, lakini mkono ulimkatalia kabisa. Akaisoma kwa sauti kuanzia juu hadi chini, akaburudika. Binti alikuwa ameshalala kwenye kochi. Wasiwasi mmoja tu ulibaki: je, ikishindwa? Uso atauficha wapi, mtu mzima, kila akikutana na wakili pale nje?

Wiki nzima hakutulia. Kila binti akirudi kutoka shuleni, kabla hajavua viatu, Daktari alimdaka mlangoni.

"Vipi, majibu?"

"Bado, baba. Mwalimu anasema anaipitia kwa makini. Kaipenda sana."

"Kaipenda sana," Daktari alirudia, na kifua kikamjaa.

Ijumaa jioni akaingia kwenye darasa lake la watu wazima, wale wanaokuja chuoni wakitoka makazini, mabegi mabegani na miayo midomoni. Walikuwa wengi mno. Sura zao hakuzijua na wala hakuwahi kujisumbua. Siku hiyo walikuwa wanakabidhi insha za kumalizia muhula, kila mmoja kwa mada aliyojichagulia. Desturi ya Daktari ilikuwa kuchomoa moja kutoka kwenye rundo na kuichuna mbele ya wote, ili wengine wapate adabu.

Akachomoa. Akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya mahakamani.

Sentensi ya kwanza ilimpendeza. Alinyanyua nyusi, akasema, "Afadhali, leo kuna mtu." Sentensi ya pili aliimalizia bila kutazama karatasi. Kwenye ya tatu akaacha kusoma. Akafunua haraka haraka, akazikuta tanbihi zake nne zimekaa vilevile, hata nukta haikuguswa.

Damu ikampanda kichwani. Mwizi! Tena mwizi wa kwake!

"Nani ameandika hii?" aliunguruma. "Asimame sasa hivi, na begi lake mkononi!"

Safu ya nyuma akasimama bwana mmoja mpole, vumbi la chaki bado limemganda kwenye shati.

"Ni mimi, Daktari," alisema kwa adabu. "Na hongera kwa binti yako. Asubuhi ya leo, pale darasani kwangu, nimemchagua yeye."