Kinanda cha Mzee Shekue

Sheria ilitaka kila kinanda cha zamani cha umeme kirekebishwe kifuate sauti ya serikali, ile inayotuliza watu. Fundi Mwanaisha alipofika kwa Mzee Shekue, mzee alikikumbatia kinanda chake akilia.

"Marehemu mwanangu ndiye aliyekipanga sauti hivi. Kiache, binti yangu."

"Nitafungwa, mzee wangu."

Akafungua kifuniko, akazungusha skrubu moja moja mpaka sindano ya kipimo ikatulia. Kisha akavaa vizibo vya masikio, kama mafundi walivyoagizwa, akabonyeza kibao kimoja. Machozi ya mzee yalikatika papo hapo. Alitabasamu, mate yakimchuruzika kidevuni.

"Mwanao aliitwa nani?" Mwanaisha aliuliza kwa hofu, akivua vizibo.

"Mwana gani?"

Mwanaisha akakimbilia uani, akatapika. Ndani, mzee aliendelea kubonyeza kibao kilekile huku akicheka.