Macho ya Bundi

Mvule ulikatwa kupisha mnara wa simu, na bundi wake akatoweka. Mtaa mzima ukamrudisha kwa kutengeneza sura yake ukutani kwa vipande vya simu na kompyuta mbovu. Kila mtu alibandika unyoya wake, ila macho hakuna aliyethubutu, maana waliamini atakayetazamwa nayo kwanza atakufa.

"Nipeni saruji," alisema Bi Raya, mkononi ana lenzi za kamera za mwanawe aliyepotea safarini. "Na anitazame mimi. Mwanangu nimeshamwanulia matanga, nangoja nini?"

Aliyapachika macho yakimwelekea yeye. Saruji ilikuwa bado mbichi. Yakageuka taratibu, yakampita, yakatazama barabara nyuma yake.

Watu wakageuka. Kwa mbali alikuja mwanamume mwenye begi begani, na ule mwendo wa kuchechemea Bi Raya aliujua.