Kukaa Kabla ya Safari

Panya wa maabara alitoka kwenye kichochoro chenye giza cha kupimia woga, akatembea juu ya ubao usio na ukingo, kisha akanyoosha shingo kuchungulia sakafu kule chini. Sharubu zikamcheza.

"Mambo si hayo!" Profesa akapiga kofi, koti la kwenda wizarani tayari mwilini. "Dawa yangu, peptidi ya ubongo, matone mawili puani, woga kwaheri! Leo watanipinga kwa lipi?"

Rimma, msaidizi wake, alibandua karatasi iliyoficha jina la kilichomo kwenye kichupa. Akasoma, akarudia.

"Profesa, huyu alipewa maji."

"Usinitanie, mama."

"Maji matupu."

Rimma alikitazama kiganja chake, kingali na joto la yule panya. Kwani alimfanya nini? Alimtoa kizimbani, akakaa naye kitini kimya kidogo, ndipo akampeleka kichochoroni. Hapa Moscow hakuna anayevuka kizingiti kwenda safari bila kukaa kwanza. Mwili wake ulishazoea, haukumwomba ruhusa.

"Ulikaa naye?" Profesa akauliza. "Panya?"

"Si alikuwa anasafiri?"

Profesa akaangua kicheko, kisha akakigeukia kichupa.

"Na wale waliopewa dawa, wa wiki nzima?"

"Nao pia. Wote."

Profesa aliutazama mlango, kisha akamtazama panya, ambaye bado alikuwa anachungulia. Taratibu akavuta kiti, akakaa na koti lake, akakunjua kiganja.

"Hebu nipe huyo."