Firigisi ya Jogoo Mzee

Baba alimpita jogoo mchanga, akamshika yule mzee.

"Baba Nangila, si huyo!" Mama aliita kutoka mlangoni. "Wa kuchinjwa ni yule mkorofi."

Ua wetu hapa mtaani Mowlem hauwatoshi majogoo wawili. Mchanga alikuwa ameshawatwaa mitetea wote. Mzee alishinda nyuma ya mtungi wa maji, damu imemkaukia kichwani.

Baba alimpima mkononi, akampapasa kifua kwa kidole gumba.

"Mwepesi sana," alisema. "Hata kula ameacha."

Kisha akachukua kisu.

Mchana Mama alipakua. Firigisi aliiweka kwenye sahani ya Baba, kama ilivyo desturi kwetu. Ni ya mwenye boma, na mwanamke haigusi. Nina miaka thelathini na minne na sijawahi kuionja.

Baba aliitazama kwa muda mrefu. Huu ni mwaka wa pili tangu aachishwe kazi kiwandani. Unga, gesi na kodi ya nyumba vyote vinatoka kwangu, na hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo mezani.

Aliichukua kwa vidole, akaiweka juu ya ugali wangu.

Mwiko wa Mama ulisimama juu ya sufuria.

"Baba, siwezi," nilisema.

"Kula, Nangila."

Hakuniangalia. Alivuta beseni, akaanza kunawa mikono taratibu, kidole baada ya kidole, ingawa hakuwa amekula hata tonge moja.